Mtandao wa Kasi Bonde la Kilombero: Kizazi Kipya Kifike, Mwenye Kitochi Asiachwe

Na Mwandishi Wetu

Mabadiliko ya mitandao ya simu hayaonekani kwa macho kama yanavyoonekana mabadiliko ya barabara. Lami inapoingia kijijini vumbi hutoweka, na kila mpita njia hujua kwamba jambo limetokea. Mnara wa simu unaweza kufungwa mitambo mipya kwa siku moja, na mkazi wa Kata ya Lumemo, katika Halmashauri ya Mji wa Ifakara, akaamka asubuhi akauona mnara ni ule ule. Hata hivyo, kilichobadilika ndani ya mitambo hiyo kinaweza kuamua iwapo mkulima wa mpunga atapokea fedha zake kwa wakati, iwapo mjamzito atapata usafiri wa dharura usiku, na iwapo kaya iliyo kando ya Mto Lumemo itapata tahadhari kabla maji hayajafika mlangoni.

Tanzania, kama nchi nyingine duniani, inahama kutoka mitandao ya simu iliyojengwa kwa ajili ya sauti kwenda mitandao ya kasi ambayo kila kitu ndani yake, ikiwemo sauti yenyewe, husafiri kama data. Uhamaji huo ni wa lazima na una manufaa makubwa. Linalohitaji kujadiliwa kwa kina ni mpangilio wake: kipi kitangulie, kipi kifuate, na nani awe wa mwisho kuzimiwa mtandao wa zamani. Bonde la Kilombero, lenye mashamba ya mpunga na miwa, mito inayofurika, vituo vya utafiti wa afya na vijiji vilivyosambaa chini ya Milima ya Udzungwa, ni mahali panapofaa kulitazama suala hili.

Miaka 30 ya safari

Huduma ya simu za mkononi ilianza nchini mwaka 1994 kupitia kampuni iliyojulikana kwa jina la Mobitel. Vodacom ilianza kutoa huduma mwaka 2000, Celtel, ambayo leo ni Airtel, ikafuata mwaka 2001, na Halotel ikaingia mwaka 2015. Kwa miaka mingi ya mwanzo, simu ilikuwa ni sauti na ujumbe mfupi tu. Ndiyo mitandao ya kizazi cha pili, yaani 2G, ambayo hadi leo inabeba sehemu kubwa ya maisha ya kila siku ya wananchi wa vijijini.

Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza nchini, na simu ikageuka kuwa pochi. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, ukafuatiwa na mkongo wa EASSy mwaka 2010, huku Serikali ikijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuunganisha mikoa. Kabla ya hapo, mawasiliano ya intaneti na nje ya nchi yalitegemea zaidi setilaiti, njia iliyokuwa ghali na yenye kasi ndogo. Kwa hiyo mikongo hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa kizazi cha tatu na cha nne kusambaa. Ilipofika Septemba 2022, huduma ya kizazi cha tano, 5G, ilizinduliwa nchini.

Historia hiyo inaonesha jambo moja muhimu: vizazi vya mitandao haviondoki kwa kupokezana kama wakimbiaji wa vijiti. Vinaishi pamoja. Mnara mmoja unaweza kutoa huduma ya 2G, 3G na 4G kwa wakati mmoja, na simu huchagua kile inachokiweza. Gharama ya kuishi pamoja ndiyo inayozilazimu kampuni na wadhibiti kufikiria kuvizima vizazi vya zamani, kwa sababu kila kizazi kinahitaji mitambo yake, umeme wake na sehemu yake ya masafa. Na masafa ni rasilimali ya Taifa isiyoongezeka.

Reli na barabara

Ili kuelewa kinachobadilika, wakazi wa Ifakara wana mfano karibu nao. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, hupita Ifakara na Mlimba ikiwa njia moja. Treni moja inapokuwa kwenye kipande cha njia kati ya stesheni mbili, treni nyingine haina budi kusubiri hadi kipande hicho kiwe wazi, hata kama treni iliyomo ina behewa moja tu lenye mzigo.

Simu ya sauti katika mtandao wa 2G hufanya kazi kwa namna inayofanana na hiyo. Mtu anapopiga simu, mtandao humtengea njia yake peke yake tangu anaposema "haloo" hadi anapokata. Akinyamaza kufikiri, njia hiyo bado ni yake na hakuna mwingine anayeitumia. Wimbi moja la mtandao huo lina nafasi 8 tu za aina hiyo, na zikijaa, anayefuata huambiwa mtandao una shughuli nyingi.

Mtandao wa 4G umejengwa kama barabara. Sauti, picha, ujumbe na malipo hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani yake, na vyote hupita katika barabara moja vikichanganyika kama pikipiki, malori na mabasi. Nafasi inayoachwa na aliyenyamaza hutumiwa mara moja na mwingine. Ndiyo maana masafa yale yale yanahudumia watu wengi zaidi kwa kasi kubwa zaidi. Faida hiyo ni ya kweli, na hakuna nchi inayopanga uchumi wake wa baadaye inayoweza kuipuuza.

Lakini barabara hiyo ina sharti. Katika muundo wa 4G hakuna tena njia ya treni. Ili sauti ipite humo, mtandao na simu vyote viwe na uwezo wa kubeba sauti kama data, huduma inayofahamika kwa kifupi chake cha VoLTE. Simu janja isiyo na uwezo huo, mwenyewe anapopiga au kupigiwa, hurudi nyuma kimya kimya kwenye 3G au 2G, kisha mazungumzo yakiisha hurejea 4G. Simu ya kitochi ya kawaida haifiki kabisa kwenye barabara hiyo. Siku ambayo reli itang'olewa, kitochi hicho kitabaki saa na tochi.

Kwa nini kasi ni hitaji

Wapo wanaodhani mtandao wa kasi ni anasa ya vijana wanaotazama video. Huduma za Serikali zenyewe zinaonesha vinginevyo. Tangu mwaka 2017, malipo ya huduma za umma yamekuwa yakihamia katika mfumo wa kielektroniki wa GePG, ambao mwananchi hupewa namba ya malipo na kulipa kwa simu, benki au wakala. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu hupelekwa Bodi ya Mikopo kwa njia ya mtandao. Anayetafuta ajira serikalini hutuma maombi kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Mjasiriamali anayetaka zabuni ya halmashauri yake anatakiwa kuingia katika mfumo wa ununuzi wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023.

Katika kilimo, ambacho ndicho uti wa mgongo wa Bonde la Kilombero, mpango wa mbolea ya ruzuku uliozinduliwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, jijini Mbeya Agosti 8, 2022, umejengwa juu ya daftari la kidijitali la wakulima. Mkulima husajiliwa kijijini kwake, na wakala wa pembejeo huthibitisha taarifa zake kwenye mfumo kabla ya kumuuzia. Mtandao ukiwa dhaifu dukani kwa wakala, foleni hurefuka. Mvua za kupandia mpunga hazisubiri mtandao urudi.

Kijana wa Lumemo aliyemaliza kidato cha sita anashindana na kijana wa Kinondoni kwa fomu ile ile, katika mfumo ule ule, kabla ya tarehe ile ile. Mmoja akiwa na mtandao wa kasi na mwingine akilazimika kupanda bodaboda kwenda kutafuta mahali penye mtandao, ushindani huo si sawa. Kwa maana hiyo, kupeleka mtandao wa kasi vijijini ni suala la haki kama lilivyo suala la maji na umeme.

Funzo kutoka ng'ambo ya mto

Hata hivyo, bonde hili lina funzo jingine ambalo halipaswi kusahauliwa. Kati ya mwaka 2009 na 2010, Wilaya ya Ulanga, iliyo ng'ambo ya Mto Kilombero, ilikuwa mojawapo ya wilaya tatu nchini, pamoja na Lindi Vijijini na Kigoma Vijijini, zilizofanyiwa majaribio ya mradi wa SMS for Life. Tatizo lililolengwa lilikuwa dawa za malaria kuisha katika vituo vya afya bila mamlaka za wilaya kujua kwa wakati.

Njia iliyotumika ilikuwa nyepesi. Kila wiki, mhudumu wa kituo alipokea ujumbe mfupi kwenye simu yake ya kawaida akiulizwa idadi ya dozi zilizobaki, naye alijibu kwa ujumbe mfupi bila gharama. Taarifa zilijikusanya mahali pamoja, na viongozi wa afya wa wilaya waliona ni kituo gani kina upungufu na kipi kina ziada. Majaribio hayo yalihusisha vituo 129 kwa wiki 21. Mwanzoni, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa walau aina moja ya dawa za malaria. Mwishoni, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 26.

Matokeo hayo hayakuhitaji simu janja, bando, wala mnara wa 4G. Yalihitaji mtandao unaofika kila kituo, simu ambayo kila mhudumu tayari alikuwa nayo, na mtu wilayani aliyewajibika kuzifanyia kazi taarifa. Kasi haikuwemo katika orodha hiyo. Funzo lake ni kwamba thamani ya mtandao hupimwa kwanza kwa idadi ya watu unaowafikia, ndipo kwa kasi yake.

Ifakara yenyewe inalijua hilo. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ya watafiti wa Uswisi iliyoanzishwa miaka ya 1950, imefuatilia afya na idadi ya watu wa Kilombero na Ulanga kaya kwa kaya tangu mwaka 1996. Utafiti wa aina hiyo leo unanufaika sana na data inayosafiri kwa kasi, lakini msingi wake ni kutokuiruka kaya hata moja. Sera ya mawasiliano inafaa kuazima nidhamu hiyo.

Nyota, reli na pochi ya mwananchi

Huduma nyingi ambazo mwananchi wa kipato cha chini anazitegemea zimejengwa juu ya mtandao wa zamani. Ya kwanza ni fedha kwa simu. Mwenye kitochi hufungua pochi yake kwa kubonyeza nyota, tarakimu, kisha alama ya reli, kama vile *150*00#. Menyu zinazotokea hazipiti kwenye intaneti. Hupita katika njia za ishara za mtandao wa sauti. Ndiyo maana zinafanya kazi bila bando. Hata simu janja nyingi zilizo kwenye 4G hurudi kwenye 2G au 3G ili kuzifungua menyu hizo.

Ya pili ni simu za dharura. Mfumo wa m-mama, unaoratibu usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, hutegemea namba 115 inayopigwa bila malipo. Katika maeneo yasiyo na gari la wagonjwa karibu, madereva wa jamii huitwa kumchukua mama na kumfikisha kituoni. Mnyororo wote huo huanza na simu ya sauti, mara nyingi kutoka kwenye kitochi, mara nyingi usiku.

Ya tatu ni ujumbe mfupi wa maandishi, ambao bado ndio stakabadhi ya miamala, taarifa ya mkutano wa kijiji na salamu za ndugu walio mbali. Huduma hizi tatu zinaweza kuhamishiwa kwenye mitandao ya data, na teknolojia ya kufanya hivyo ipo. Lakini hazihami zenyewe. Kampuni lazima iwekeze, simu lazima iwe na uwezo, na mtumiaji lazima aelekezwe. Pale ambapo hatua moja kati ya hizo itarukwa, mtandao mpya utafika kijijini na huduma ya zamani itakuwa imeondoka.

Mto unapopasua kingo

Kwa Lumemo, jambo hili lina uzito wa pekee. Mto Lumemo hushuka kutoka Udzungwa na kuingia tambarare ya Kilombero karibu na Mji wa Ifakara. Mvua zinaponyesha kwa wingi milimani, maji huwafikia wakazi wa chini ambao huenda hawajaona tone la mvua siku hiyo. Masika ya mwaka 2024, yaliyoambatana na El Niño, yaliacha maumivu makubwa nchini. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha kutokana na mafuriko na athari nyingine za mvua hizo. Morogoro ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika.

Tahadhari ya mafuriko ni kipimo kigumu kuliko vyote kwa mtandao wowote. Ujumbe unaotumwa katika makundi ya mtandaoni huwafikia wenye simu janja, zenye chaji, zenye bando, na wanaoziangalia wakati huo. Ujumbe mfupi wa maandishi huifikia kila simu iliyowashwa. Mwenye uwezo wa kununua simu janja kwa kawaida ndiye pia mwenye uwezo wa kujenga mahali pa juu. Mwenye kitochi ndiye aliyepanga chumba cha bei nafuu bondeni. Kwa hiyo, tahadhari ikihamia kabisa kwenye mtandao wa kasi kabla ya simu zenyewe kuhama, itawafikia kwanza wasioihitaji sana.

Kuna pia suala la umeme na njia za kuunganisha minara. Mafuriko hukata barabara, huangusha nguzo na kuzuia mafuta kufika kwenye jenereta. Mnara usio na betri za kutosha hunyamaza ndani ya saa chache, uwe wa kizazi chochote. Bonde ambalo maji yake yanazalisha umeme wa Taifa katika bwawa la Kihansi linastahili minara isiyozimika wakati maji hayo hayo yanapogeuka kuwa hatari.

Wenzetu, na sisi wenyewe

Nchi nyingine zimetangulia katika njia hii, na hazikuchagua mpangilio mmoja. Nchini Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa mwaka 2017, kisha 3G Februari 2022, na wateja wenye simu zisizo na uwezo wa kubeba sauti kwa 4G wakalazimika kubadilisha simu. Ujerumani ilifuata njia tofauti: mwaka 2021 kampuni zake kubwa tatu zilizima 3G na kuiacha 2G, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikibeba simu za kawaida na vifaa vingi vidogo. Uingereza nayo imekubaliana na kampuni zake kwamba 2G na 3G zitaondoka ifikapo mwaka 2033, lakini 3G ndiyo iliyotangulia kuzimwa.

Kwa mazingira ya Tanzania, mfano wa Ujerumani una mantiki zaidi. Mtandao wa 3G ndio ulio katikati: mwenye simu janja mpya anaupita kwenda 4G, mwenye kitochi anabaki 2G. Kuuondoa huo kwanza hutoa masafa kwa ajili ya 4G bila kumnyang'anya mwananchi wa chini huduma ya msingi. 2G inaweza kubaki ikitumia sehemu ndogo tu ya masafa, kama njia ya dharura, hadi hapo idadi ya vitochi itakapopungua kwa hiari ya wenyewe.

Hatuhitaji, hata hivyo, kwenda mbali kutafuta uzoefu. Desemba 31, 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, ikianzia Dar es Salaam na kuendelea kwa awamu katika miji mingine, ikiwa ya kwanza Afrika Mashariki kufanya hivyo na kabla ya ukomo wa kimataifa wa Juni 17, 2015. Kulikuwa na malalamiko, hasa kuhusu bei ya ving'amuzi. Lakini awamu zile zilitoa nafasi ya kujifunza mji baada ya mji, na masafa yaliyoachwa na televisheni yakapata kazi mpya: Juni 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilinadi masafa ya megahezi 700 kwa ajili ya huduma za data za simu. Masafa hayo ya chini husafiri mbali na hupenya vizuri zaidi kuliko ya juu, sifa inayofaa kwa vijiji vilivyotawanyika kama vya Kilombero.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Televisheni ikizimika, familia hukosa taarifa ya habari na burudani. Simu ikizimika, familia hukosa pochi, gari la wagonjwa na tahadhari ya mafuriko kwa pamoja.

Minara 758 na hatua inayofuata

Serikali imekwisha kuweka msingi. Mei 13, 2023, Chamwino mkoani Dodoma, Rais Samia alishuhudia utiaji saini wa mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika kata 713 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, chini ya mradi wa Tanzania ya Kidijitali. Kampuni tano ziligawana kazi hiyo: Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104, na Halotel 34. Mpango huo pia ulihusisha kuiongezea uwezo minara 304 iliyokuwa ikitoa huduma ya 2G pekee ili itoe 3G na 4G.

Neno "kuiongezea" ndilo la kuzingatiwa. Mnara unaoongezewa uwezo humhudumia mwenye kitochi na mwenye simu janja kwa pamoja. Huo ndio mwelekeo sahihi, na ndio unaopaswa kulindwa wakati kampuni zitakapoanza kupiga hesabu za kuondoa mitambo ya zamani.

Mnara peke yake, hata hivyo, haumalizi kazi. Mwananchi anaweza kuishi chini ya mnara wa 4G na asiutumie, ama kwa sababu simu yake haiwezi, ama bando ni ghali kwake, ama hajui manufaa yake. Serikali ilijaribu kulishughulikia hilo mwaka wa fedha 2021/22 kwa kusamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu. Msamaha huo ukaondolewa mwaka uliofuata. Iwapo nafuu ya aina hiyo itarejea, ni vyema ilenge simu za 4G za bei ya chini, ziuzwe kwa malipo ya awamu, na bei ya dukani ifuatiliwe ili punguzo limfikie mnunuzi.

Nini kifanyike

Kwanza, uzimaji wowote wa mtandao wa zamani uende kwa eneo, na uongozwe na idadi ya simu zilizopo badala ya tarehe peke yake. TCRA ina takwimu za laini na vifaa vinavyotumika. Inawezekana kuweka kiwango ambacho kabla ya kufikiwa katika kata husika, 2G haiguswi.

Pili, kabla ya hatua hiyo, menyu za fedha, namba 115 na namba nyingine za dharura zithibitishwe kufanya kazi katika 4G bila bando na bila malipo, kwa simu za bei ya chini zinazouzwa katika maduka ya Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge.

Tatu, tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa na za kamati za maafa ziendelee kutumwa kwa ujumbe mfupi na redio za jamii sambamba na njia mpya. Minara iliyo katika maeneo ya mafuriko ipewe kipaumbele cha betri na umeme wa jua.

Nne, uimara wa ndani uimarishwe. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti iliyumba nchi nzima. Kadiri huduma muhimu zinavyohamia kwenye data, ndivyo mitambo inayoziendesha inavyopaswa kuwa ndani ya nchi, ili muamala kati ya Ifakara na Morogoro usilazimike kuvuka bahari.

Tano, halmashauri, shule na vituo vya afya viwe mahali pa kufundishia matumizi. Mzee anayefahamu nyota na reli hatazoea programu ya simu kwa tangazo la redio pekee. Atazoea akielekezwa na mtu anayemwamini.

Wananchi wa Kilombero na Ulanga wanakumbuka jinsi walivyovuka mto kwa kivuko, pamoja na hatari zake, kabla ya kujengwa Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa Mei 2018. Kivuko kilipumzishwa bila mtu kuachwa ng'ambo, kwa sababu daraja lilimpokea kila aliyefika: mwenye gari, mwenye baiskeli na mwenye miguu yake. Mtandao wa kasi ni daraja pia, lakini lina lango linalofunguka kwa mwenye simu inayokubalika tu. Hadi lango hilo litakapokuwa wazi kwa mkazi wa mwisho wa Lumemo, kivuko cha 2G kinapaswa kuendelea kuelea.